Macho ya Maria Clara

Nilifika Manila, mji mkuu wa Ufilipino, mwezi wa Februari nikiwa na kamera ileile ninayopigia picha za harusi Tanga, na asubuhi ya kwanza nilipanda jipni, daladala ya huko, hadi Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, jirani na Rizal Park, ambako kiingilio ni bure. Nilichokifuata ni nguo. Katika chumba cha vitambaa nilisimama kitambo mbele ya piña, kitambaa kinachofumwa kwa nyuzi za majani ya nanasi, chembamba hata mwanga ulipita kama kwenye bawa la panzi. Hicho ndicho kilichoshonewa blauzi na mtandio wa mabegani wa vazi liitwalo Maria Clara, ambalo huvaliwa na sketi pana inayofika chini.

Jina hilo ni la msichana katika riwaya ya mwandishi wa Kifilipino José Rizal ya mwaka 1887, na mabinti wengi wa Kifilipino wamelelewa wakiambiwa wawe kama yeye: wapole, wacha Mungu, wenye haya. Wanaomtukuza husahau kwamba katika riwaya hiyo baba yake mzazi ni padri wa Kihispania, na kwamba yeye mwenyewe anaishia kufungiwa katika nyumba ya watawa. Mimi naona Rizal alikuwa akishitaki, wasomaji wakadhani anasifu.

Mchana, katika duka la vitu vya kale mtaa wa Ermita, mwenye duka aliniita “ate”, yaani dada mkubwa, akanimwagia mezani postikadi za enzi za Wamarekani, waliovitwaa visiwa vya Ufilipino kutoka kwa Hispania mwaka 1898. Moja ilikuwa ya mwanamke wa milima ya Cordillera, kifua wazi, ngumi ya kushoto ameikunja, na chini yake limeandikwa kabila lake tu. Kwao kifua wazi kilikuwa jambo la kila siku. Lakini Dean Worcester, aliyekuwa waziri katika serikali ya kikoloni kuanzia 1901 hadi 1913, alikusanya maelfu ya picha za wenyeji, na picha za namna hiyo zikatumiwa kudai kwamba Wafilipino hawajawa tayari kujitawala. Yule wa kanisani alimfunika mwanamke, huyu wa kamera akamwanika.

Siku ya tatu nilikwenda Makati, kwenye ukumbi wa sanaa wa Silverlens, nikaonyeshwa kazi za Wawi Navarroza, mwanamke mpiga picha wa Kifilipino. Hujipiga picha mwenyewe, amejipamba na kuzungukwa na vitambaa vya rangi kali, maua na matunda, kama malkia wa jukwaa alilolijenga kwa mikono yake. Urembo na mvuto wa mwili vimo, tena tele, ila anayetazamwa ndiye aliyeipanga picha, naye anakukazia macho mpaka wewe ndiye unayetafuta pa kuangalia.

Nilikumbuka kumbi za Tanga, na maneno ambayo huwa siyakosi kabla ya kubonyeza: “Mwanangu, usinitazame mimi. Inamisha macho kidogo.”