Rufaa ya mtoto wa mjomba

Mtoto wa mjomba wangu alipohukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa kusafirisha kilo 18 za bangi, ukoo mzima ulitaka rufaa ya huruma: ana watoto watatu, hajawahi kushtakiwa, mama yake anaumwa. Wakili tuliyemwendea alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatueleza kwamba kwa kosa la namna hiyo sheria ya dawa za kulevya ya Tanzania, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, imeitaja miaka 30 yenyewe, wala haikumwachia hakimu nafasi ya kupima iwe mitano au kumi. Kulalamikia adhabu, alisema, ni kumaliza karatasi bure. Kinachopaswa kupingwa ni hatia.

Bahati nzuri mwenyewe alikuwa amekwisha kutia dole gumba kwenye notisi ya kusudio la kukata rufaa akiwa gerezani, siku ya nne baada ya hukumu, kwani muda wake ni siku 10 tu, na aliyechelewa hulazimika kwanza kuiomba Mahakama Kuu imwongezee muda kwa sababu za msingi. Sababu za rufaa huwasilishwa ndani ya siku 45, bila kuhesabu zile za kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu. Sisi tulisubiri miezi saba.

Mwenendo ulipofika niliusoma usiku kucha. Hati ya ukamataji mali inataja kiroba kimoja cha buluu. Mtunza vielelezo, yaani vitu vinavyotumika kama ushahidi, anasema alipokea mifuko miwili myeupe. Hati ya makabidhiano baina yake na askari aliyekamata haipo. Tangu shauri la Paulo Maduka, Mahakama ya Rufani imesisitiza kuwa safari ya kielelezo, kuanzia kinapokamatwa hadi kinapofikishwa mahakamani, ionekane kwa maandishi, ingawa baadaye imekubali pia maelezo ya mdomo ya mashahidi wanaoaminika. Kwa hiyo kukosekana kwa hati peke yake kusingetutosha. Mimi nilishikilia rangi, maana bangi haijibadilishii mfuko.

Siku ya kusikilizwa, jaji aliuliza swali moja tu: kiroba cha buluu kilikwenda wapi? Wakili wa serikali alipekua jalada kwa muda mrefu, akajibu kwamba anaiachia mahakama. Hukumu itasomwa mwezi ujao, na mjomba amekwisha kuniuliza nauli mara mbili.