Likikanyagwa Breki

Mwanangu alikuwa anatafuta mkasi kwenye droo ya jikoni, akaibuka na kipande cha mpira mweusi, kirefu kama kidole, kimepasuka upande mmoja. "Mama, hiki cha nini?" Nikamwambia akirudishe. Akauliza tena. Nikabaki nimesimama na mwiko mkononi mpaka tui likakatika.

Ni cha ile Hilux ya baba.

Mwaka 2009 ilikuwa imeshachoka. Injini ya petroli, ya kabureta, silinda 4, na bodi lililochomelewa mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mazao kupitia maghala, ilikuwa na misimu miwili tu kwetu kusini, na baba alikuwa akikodiwa kubeba korosho kutoka vyama vya msingi vya wakulima kuzileta maghalani Mtwara mjini. Magunia 10 kwa safari, kilo 80 kila moja. Msimu ni miezi mitatu hivi, na ada zetu za mwaka mzima zilitoka humo. Gari likilala siku moja, nyumba nzima inajua.

Ugonjwa wake ulikuwa huu. Asubuhi, choki ikiwa imevutwa, linawaka vizuri. Likishapata moto, ukiliacha sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagiwa mafuta, linaanza kutetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza. Mlio unapanda, unashuka, unapanda, halafu kimya. Ukilikanyagia mafuta linatulia, na barabarani linakwenda kama halina neno. Ndiyo maana kila fundi alilijaribu akalirudisha akisema zima.

Wa kwanza alibadilisha plagi. Zile alizozitoa zilikuwa nyeupe kwenye ncha, na leo najua weupe ule ulikuwa unasema kitu: injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Hakuna aliyeusoma. Wa pili alifungua kabureta akaiosha, akapuliza jeti, akasugua platini kwa msasa. Wa tatu alikaza skrubu ya sailensi, gari likawa linanguruma juu hata likiwa limesimama, akasema limepona. Baba alilipa kote.

Kaka alikuwa amesema tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha siku ambazo mgongo wa baba ulikataa. Alisema mezani, alisema tena uani akiwa ameshika ndoo ya kuoshea gari: "Baba, linazima nikikanyaga breki." Na baba alimjibu kila mara kwa neno lilelile, kwamba hajui kutumia klachi.

Halafu ikaja siku ya Mikindani. Tulikuwa tunatoka Mingoyo na mzigo, kaka kwenye usukani, mimi pembeni yake, baba ametangulia kwa basi. Tukiingia Mikindani mbuzi wakakatisha. Kaka akakanyaga breki, injini ikazima. Akakanyaga mara ya pili. Mara ya tatu nikaona mguu wake umenyooka wote na pedali haishuki, kama anakanyaga jiwe. Akaliingiza kwenye mchanga wa pembeni. Bampa ilipinda, gunia moja likapasuka, korosho zikamwagika mpaka barabarani, na watoto wakaja kutusaidia kuokota. Hakuna aliyeumia.

Jioni baba aliniita mimi. Hakumwita kaka. Akaniuliza, "Klachi aliikanyaga?" Nilikuwa na miaka 16. Nilikuwa nimetazama mbuzi, halafu mguu wa kulia. Mguu wa kushoto sikuutazama kabisa. Nikasema, "Sidhani, baba."

Ufunguo ukatoka mfukoni kwa kaka usiku huohuo.

Wiki iliyofuata jirani alituelekeza kwa mzee mmoja hukohuko Mikindani, aliyezeeka akitengeneza mashine za boti. Baba aliendesha mwenyewe. Mimi nilikaa mbele. Kaka alipanda nyuma kwenye bodi, hakuna aliyemwambia apande wala abaki. Mzee yule alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe. Tukamwamkia. Hakuinuka. Hakuitisha spana. Aliuliza jambo moja ambalo gereji tatu za mjini hazikuliuliza:

"Linazima wakati gani?"

Baba akasema, "Linazima tu, mzee wangu. Halina wakati."

Kutoka nyuma kwenye bodi, kwa sauti ya mtu ambaye hatarajii kusikilizwa, kaka akasema, "Likikanyagwa breki."

Fundi akageuza shingo akamtazama kaka, si baba. Akamtazama kwa muda mrefu. "Shuka, mwanangu," akamwambia. "Kaa kwenye usukani. Liwashe."

Nikageuka kumtazama baba. Alikuwa ameshika ufunguo. Ilipita kitambo kabla hajanyoosha mkono.

Gari likawaka, likaanza kutetemeka kwake. Fundi akafunua boneti, akaondoa chujio la hewa, na pale juu ya injini kukabaki mdomo wa kabureta wazi. Akaniita mimi, sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. "Weka kiganja hapo. Usizibe kote. Ziba nusu."

Niliogopa. Niliweka. Nikahisi injini inanivuta ngozi ya kiganja, pumzi ya baridi yenye harufu ya petroli inapita katikati ya vidole vyangu, na kadiri nilivyozidi kuziba ndivyo mtetemeko ulivyopungua chini yangu. Kioo cha pembeni kikaacha kucheza. Mlio ukawa mmoja, umenyooka. Nikaondoa mkono, likaanza kusota tena. Nikaurudisha, likatulia. Ningekuwa radhi kusimama pale mchana kutwa. Sijawahi kugusa kitu kinachoumwa kikapata nafuu mkononi mwangu namna ile, kabla ya siku hiyo wala baadaye, na nimelea watoto wawili.

"Umeona?" fundi alisema. "Hewa yote ingepaswa kupita hapa, ikachanganyike na mafuta. Wewe umeiziba, na gari badala ya kufa limepona. Basi kuna mlango mwingine umeachwa wazi." Akamweleza baba kwamba gari likiwa sailensi linavuta pumzi ndogo sana, kwa hiyo hata ufa mdogo ni wizi mkubwa, likipigwa resi linavuta nyingi, na ule wizi hauonekani.

Kisha akamwambia kaka akanyage breki. Kaka akakanyaga, injini ikaporomoka, ikabaki kidogo izime. "Achia." Ikapanda. "Kanyaga." Ikaporomoka.

Akachukua koleo na kitambaa, akaubana ule mpira unaotoka kwenye manifoldi, bomba linaloingiza hewa na mafuta kwenye injini, kwenda kwenye busta ya breki. Injini ikatulia kama ilivyotulia chini ya kiganja changu. Busta ndiyo inayomsaidia dereva kuisukuma breki, na nguvu yake ni huo mvuto wa injini. Injini ikizima, msaada uliobaki ni wa kukanyaga mara moja au mbili. Ya tatu unabaki na mguu wako peke yako.

Hakumtaja mtu. Alisema tu hivyo, huku anaukunja mpira upande wa chini, pale klampu inapoubana, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uguse. Ufa ukafunguka kama mdomo. Ukiunyoosha unajifunga. Kila kaka alipokanyaga breki, busta ilirudisha pumzi kidogo kwenye injini ambayo tayari ilikuwa imezidiwa na hewa ya ufa, na hiyo kidogo ikatosha kuizima.

Mpira ulikuwa na urefu wa ziada. Akakata kipande kile kibovu kwa kisu, akakitupa kuelekea shina la mwembe, akauchomeka uliobaki na kukaza klampu. Skrubu ya sailensi akailegeza, maana yule wa tatu alikuwa ameikaza kuficha ugonjwa. Halafu akamfundisha kaka kipimo: zima injini, kanyaga breki mara nyingi mpaka iwe ngumu, ishikilie hapohapo, washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Ikigoma, usiondoke.

Kaka alifanya. "Imeshuka," akasema. Hakuangalia upande wetu.

Fundi alitaka elfu tano. Baba akampa kumi, akakataa chenji. Nilingoja baba aseme kitu kwa kaka. Nilingoja mimi mwenyewe niseme. Kaka alishuka kwenye usukani, akamrudishia baba ufunguo bila kuombwa, akapanda nyuma kwenye bodi. Tukarudi Mtwara hivyo, gari likisimama kila mahali bila kutikisika.

Januari kaka alipanda basi la Dar es Salaam. Vijana wengi wa mtaani kwetu waliondoka mwaka ule na mingine, huenda naye angeondoka hata hivyo. Ameendesha malori makubwa mpaka Tunduma, mpaka Kongo. Anakuja sikukuu, anacheka na wanangu, ananiita mdogo wangu kama zamani. Hatujawahi kuizungumza Mikindani. Baba naye hajawahi kuitaja mbele yangu mpaka anaingia kaburini.

Hilux tuliiuza kwa watu wa vyuma chakavu baada ya arobaini yake. Mimi ndiye niliyetoa vitu kwenye dashibodi: kadi ya gari, tochi, risiti za ghala zilizofifia, na kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na kipande hiki.

Nilimwona fundi akikitupa. Sikumwona baba akikiokota. Pengine aliinama wakati natazama bahari, pengine alirudi peke yake siku nyingine. Na sijui alikiweka cha nini. Baba alikuwa mtu wa kutunza vitu. Huenda alikitaka kama kipimo, siku akinunua mpira mpya ajue unene wake. Lakini kipimo cha spea hakifungwi kwenye kitambaa cheupe. Au kinafungwa. Nimekigeuza geuza miaka hii yote sijapata jibu, na mtu pekee ambaye angeweza kunisaidia kufikiri ni kaka, ambaye itanibidi kwanza nimwambie kwamba mguu wake wa kushoto sikuuona.

"Ni mpira wa breki ya babu," nilimwambia mwanangu.

"Mbona umepasuka?"

Mkasi ulikuwa juu ya friji. Nikampa. Kaka anakuja Idi hii, na mtoto huyu hajui kunyamaza.