Mipira ya Geji kwenye Land Rover ya Mjomba

Mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji, mjomba wangu wa Mikindani alinunua Land Rover Series III ambayo ilikuwa imetumika miaka mingi katika pwani yetu. Nia yake ilikuwa kubeba magunia ya korosho ya vyama vya msingi vya huko Newala msimu utakapoanza mwezi Oktoba. Injini ilikuwa nzima na chesisi haikuwa na kutu ya kutisha, lakini vioo vya geji mbili zilizo mbele ya dereva, moja ya spidi na nyingine yenye mshale wa mafuta na wa joto la maji, vilikuwa vimejaa ukungu kwa ndani, hata mshale wa spidi ulionekana kwa shida na ule wa joto la maji haukuonekana kabisa. Kwa gari linalopanda uwanda wa juu wa Makonde likiwa na mzigo, jambo hilo si la urembo. Dereva asiyeuona mshale wa joto atajua kwamba injini imechemka pale tu mvuke utakapotoka kwenye boneti, na wakati huo gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, huenda imekwisha kuungua.

Fundi wa kwanza aliyeitazama alishauri geji zote zitupwe na zitafutwe nyingine Dar es Salaam. Mjomba hakukubali. Mimi nilikuwa nakaa kwake nikisubiri kujiunga na chuo, akaniita nishike taa wakati anachungulia nyuma ya dashibodi. "Mwanangu," aliniambia, "geji hizi ni nzima. Kilichokufa ni mpira."

Tulianza kwa kutoa waya wa hasi kwenye betri. Kisha tulifungua skrubu za paneli, tukalegeza kebo ya spidi, na kila waya tuliouchomoa tukaufunga uzi wa rangi yake ili usije ukarudishwa mahali pasipo pake. Ringi ya chuma inayoshikilia kioo ina vijino vidogo vinavyokamata ukingo wa kopo la geji. Huzungushwa taratibu mpaka vijino viangukie kwenye mapengo yaliyochongwa kwenye ukingo huo, ndipo itoke. Ya kwetu ilikuwa imegandishwa na kutu, na mjomba aliizungusha kwa vidole vilivyofungwa kitambaa, akikataa plaisi kwa sababu ringi ikipinda haitabana tena. Ilipotoka, mpira uliokuwa kati yake na kioo ulimwagika mezani vipande vipande, mgumu na mweusi. Ule mwingine, unaokaa kati ya geji na paneli, ulikuwa umepasuka pande zote.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi ukungu ulivyoingia. Geji ya gari inapumua. Jua la mchana na taa ndogo iliyomo ndani huipasha hewa joto, ikatanuka na kutoka. Usiku inapoa na kuvuta hewa ya nje, na hewa ya nje ya Mikindani ni ya unyevu na chumvi ya bahari. Mpira ukiwa mzima, njia hiyo inakuwa nyembamba mno. Ukifa, kila usiku unaingiza unyevu, na barabara ya Newala, ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi, inaingiza vumbi. Ndani ya mita ya spidi kuna sumaku inayozungushwa na kebo, ikizunguka karibu na kikombe cha alumini bila kukigusa. Kikombe huvutwa na nguvu ya sumaku huku springi nyembamba ikikizuia, na kadiri kinavyosogea ndivyo mshale unavyopanda. Kutu kidogo au chembe za vumbi katika upenyo ule zinatosha kuuharibu usomaji wote. Sikuwahi kukitazama kipande cha mpira kwa heshima kama siku ile.

Dukani hapakuwa na mipira ya aina hiyo. Mjomba alichukua tyubu kuukuu ya lori, akaniambia tyubu hizo zimekaa uani miaka mingi bila kupasuka wakati mipira mingine imekwisha. Baadaye nilisoma kwamba tyubu nyingi hutengenezwa kwa mpira wa butili, ambao hauachii hewa kwa urahisi na hustahimili ozoni, gesi inayoupasua mpira wa asili, hasa ule uliovutwa. Aliijua tabia yake kwa kuitazama tu. Tuliiosha kwa maji na sabuni kuondoa unga wa ndani, tukailaza chini ya ubao na jiwe mpaka ikanyooka, kisha tukachora duara kwa kufuata kioo chenyewe. Tulikata duara la ndani kwanza, kwa wembe mpya, kwa kuwa ukianza na la nje unabaki huna pa kushikia. Upana wa mpira ule haukuzidi milimita 3, ili usionekane ndani ya kioo.

Kijana mmoja wa gareji ya jirani alileta silikoni ya kubandikia, ile inayonuka kama siki. Mjomba alimshukuru na kumrudishia, akamweleza kwamba harufu ile ni asidi inayotoka gundi inapokauka, na ukiifungia ndani ya geji inakula chuma. Alikataa pia grisi, maana grisi ya gari huivimbisha tyubu. Uso wa geji wenye namba hatukuugusa kwa kidole wala kitambaa, kwa kuwa maandishi ya zamani hufutika. Tulipuliza vumbi tu, tukakisafisha kioo peke yake, tukaacha kila kitu kikauke juani. Tulifunga mchana jua likiwa kali, kabla unyevu wa jioni haujarudi, ili tusifungie humo hewa ile ile tuliyokuwa tunaikimbia.

Msimu ulipoanza, gari lilipanda Newala na kurudi, na mishale yote mitatu, wa spidi, wa mafuta na wa joto, ilisomeka usiku na mchana. Mvua kubwa ziliponyesha mwezi Desemba, maji yaliingia ndani kupitia vifuniko vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele, yakatiririka juu ya dashibodi mpaka kwenye miguu ya dereva. Vioo vya geji vilibaki vikavu kwa ndani. Mjomba aliinama akapitisha kidole kwenye mipira ya vifuniko vile, akakuta nayo imekufa, akaniagiza nikalete tyubu iliyobaki.