Hogo limetoka leo

Uyole, Julai. Baridi ya asubuhi hii ilikuwa ya masweta mawili, lakini mwanangu kakataa hata moja: anataka kila abiria wa daladala auone mkono wake. Wiki nne ndani ya hogo la plasta zimeuacha umekonda, magamba matupu, na unanuka. Yeye anaona fahari.

Alianguka kutoka kwenye mparachichi kwa bibi yake, Tukuyu. Kifundo cha mkono kilivimba, ila vidole vilicheza, basi mama mkwe akasema, "Ametegua tu, mwanangu, lete maji ya moto tumkande." Nikamkanda. Hilo bado linaniuma. Mtoto hakulala usiku kucha, kulipokucha tukapanda Coaster kwenda Mbeya mjini.

Daktari hakunigombeza. Kwenye picha ya eksirei kulikuwa na mstari mweusi karibu na ncha ya mfupa, nikadhani ndio ufa wenyewe. "Hapana mama, huo kila mtoto anao. Hapo ndipo mfupa unaporefukia." Ni gegedu, laini kuliko mfupa, tena kwa mtoto ni dhaifu hata kuliko kano zinazoshika kiungo. Ndiyo maana anguko la kumtegua mtu mzima linaweza kumvunja mtoto. Ufa wa mwanangu ulipita kwenye gegedu ukamega na kipande cha mfupa: aina ya pili kati ya aina tano za ufa wa namna hii walizozipanga madaktari wa mifupa Salter na Harris mwaka 1963, na ndiyo inayotokea zaidi.

Kuunga, akasema, ni wiki tatu hadi sita. Nikafurahi mapema. Leo kaandika kwenye kadi: arudi baada ya miezi sita, kisha mwaka. Kumbe mfupa ukishaunga, gegedu huweza kuziba na kuacha kukua upande mmoja, mkono ukabaki mfupi au ukapinda, na hayo hayaonekani mpaka mtoto arefuke. Kwa aina hii ya ufa ni nadra. Aliirudia "nadra" mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshakwama kwenye "huweza".

Sasa hivi amelala. Nimempima kwa uzi wa kushonea, kiwiko hadi kifundo, kulia kisha kushoto. Sawasawa. Uzi nimeukunja ndani ya kadi. Bibi kapiga simu kuuliza kama aje na maparachichi. Nimemwambia aje nayo, ila asimwambie mtoto ni ya mti upi.