Komiki Zilizolowa

Orodha yangu ya kwanza niliiandika kwa peni ya bluu upande wa ndani wa mfuniko wa boksi la sabuni. Hadithi kumi za mashujaa, kuanzia ninayoipenda kuliko zote kushuka chini, na nilikuwa tayari kubishana na yeyote kuhusu mpangilio ule. Boksi lilikaa juu ya kabati la bibi, chumba cha nyuma, Kigogo, Dar es Salaam, kwenye mtaa unaoteremka kuelekea Mto Msimbazi. Ndani mlikuwa na komiki thelathini na kitu. Nyingine mjomba wangu baharia alizileta kutoka bandari za mbali, nyingine nilizinunua mojamoja kwa wauza vitabu vya mtumba pale barabara ya Samora. Zilikuwa chapa za kurudiwa, kurasa zimekunjamana, baadhi hazina jalada. Kabla yake nilikuwa nimelelewa na jarida la katuni la Sani, na wahusika wake Ndumilakuwili na Madenge, kama watoto wengi wa mtaani kwetu. Lakini hizi za mjomba zilinishika namna nyingine. Nilijifunzia Kiingereza humo, neno kwa neno, kamusi pembeni.

Namba moja ilikuwa Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyotoka kwa sehemu 12 mwaka 1986 na 1987. Namba mbili ni ile ya 1973, anapokufa Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man. Tatu, The Dark Knight Returns ya Frank Miller, ya Batman. Huko chini, ya tano, Amazing Spider-Man, toleo namba 33. Ya tisa ilikuwa hadithi fupi ya kurasa 11 kuhusu mtoto anayekusanya habari za Spider-Man. Ndivyo nilivyoziweka nikiwa na miaka ishirini na mbili.

Mvua ilianza Jumanne, tarehe 20 Desemba 2011. Bendera za sherehe za miaka 50 ya Uhuru zilikuwa bado zinaning'inia kwenye nguzo za umeme. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuja kusema kwamba Dar haikuwahi kupata mvua ya kiasi kile tangu 1954. Sisi hatukuhitaji kuambiwa. Tuliamka godoro linaelea.

Kaka yangu alikuwa lindo, upande wa pili wa mto. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mimi, na mtoto wa kaka, miaka saba. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yananuka choo. Nilimbeba mtoto mgongoni, jirani mmoja akamshika bibi mkono, tukatoka hadi kwenye kibaraza cha nyumba ya juu. Nikawaweka pale. Kisha nikarudi ndani.

Nilirudi kuchukua boksi. Maji yalikuwa yameshafika kiunoni. Nililishusha kutoka juu ya kabati, nikalitwika kichwani, na nilipofika mlangoni kitako kikaachia. Komiki zikamwagika zote. Nilizipapasa kwenye yale maji, nikakusanya nilizoweza kukumbatia. Mfuniko wenye orodha niliuona unakwenda na maji, maandishi juu, ukipita kati ya sufuria na kandambili.

Dawa za presha za bibi zilikuwa kwenye droo ya kabati lilelile. Droo ya juu, karibu na mkono wangu. Sikuzikumbuka. Bibi mwenyewe ndiye aliyeniuliza, tukiwa tayari tunapanda kuelekea shule ya msingi tuliyoelekezwa: "Mjukuu wangu, na vidonge vyangu umevichukua?" Nilikuwa nimekumbatia makaratasi yanayochuruzika. Hakusema kitu kingine. Alitazama mbele akaendelea kutembea.

Usiku ule darasani tulilala zaidi ya watu hamsini. Madawati yalirundikwa ukutani, kanga na mikeka ikatandazwa sakafuni. Umeme haukuwapo. Watoto walikuwa wanalia, kisha wananyamaza, kisha mmoja anaanza tena na wote wanamfuata. Watu wazima walikuwa wananong'ona majina ya waliokuwa hawajaonekana. Baadaye ilijulikana kwamba jiji zima lilipoteza watu takriban 40, lakini usiku ule hakuna aliyekuwa na hesabu, kila mtu alikuwa na wake wa kumngojea. Kaka nilimpata kwenye simu mara moja tu, nikamwambia kuhusu dawa. Akasema barabara ya Jangwani imefungwa, atazunguka. Simu ikakatika.

Mpwa wangu ndiye aliyeanza. "Shangazi, soma Spaidamani."

Niliwasha simu yangu ya tochi nikajaribu kuzifungua. Zilikuwa zimegandana kama chapati zilizowekwa moto moto kwenye hotipoti. Nilipitisha mpini wa kijiko kati ya kurasa mbili, taratibu, na ukurasa ukaja, lakini rangi ikabaki upande wa pili: uso wa Batman ulikuwa umehamia kifuani kwa mtu mwingine, umegeuka kushoto kulia. Hakukuwa na cha kusoma. Nikawaambia watoto wasogee, nitahadithia.

"Hadithi hadithi!"

"Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!"

Nilianza na namba moja yangu, bila shaka. Nikawaambia kuhusu mtu aliyetupwa kutoka ghorofani, na kibeji cha manjano chenye uso unaocheka na tone la damu. Wakasikiliza kidogo. Kisha nikaingia kwenye yenyewe, na hapo nikaanza kuzama. Watchmen inaishi kwenye karatasi. Picha tisa kila ukurasa, zimepangwa kama vigae, na ile sehemu ya tano kurasa zake za mwanzo zinaakisi za mwisho, kama umekunja kitambaa katikati. Hayo utamwambiaje mtoto gizani? Ukiondoa picha, kinachobaki ni watu wazima wenye majonzi wanaojadiliana. Mpwa wangu alinivuta kanga. "Shangazi, hii ya wakubwa." Bado naiheshimu sana kazi ile. Lakini nilijua palepale kwamba nafasi ya kwanza niliipa kwa sababu ilinifanya nijione msomi.

Batman wa Miller alikwenda vizuri zaidi. Nikawaambia ameacha kazi miaka kumi, ana umri wa miaka 55, magoti yanauma, na usiku mmoja wa mvua anashindwa kuvumilia, anavaa tena. Watoto wakashangaa staringi kuwa mzee. Bibi, ambaye nilidhani amelala, akasema kutoka kwenye mkeka wake, "Miaka hamsini na tano mzee gani huyo?" Watu wakacheka, hata wale wa kona ya mbali. Kilikuwa kicheko cha kwanza siku ile.

Mtoto mmoja akauliza kama hakuna wa Afrika. Yupo, nikasema, T'Challa, mfalme wa Wakanda, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966. Anawaalika mashujaa wanne wa Marekani kwa heshima zote, anawapelekea chombo cha kuruka kiwachukue, na wakishafika anaanza kuwawinda mmoja mmoja ili ajipime nguvu. Walipenda sana hiyo. Mfalme wa Kiafrika anayewaita wageni na kuwashinda kwa akili, hawakuhitaji maelezo zaidi.

Kisha yule yule aliyeuliza akasema, "Na Spaidamani ana mchumba?" Nikafungua mdomo kuwahadithia Gwen. Adui wake, Green Goblin, anamtupa Gwen kutoka darajani, Spider-Man anarusha utando, unamnasa mguu, anamvuta juu akifurahi kwamba amemwokoa, na kumbe ameshakufa. Kwenye ule mchoro kuna neno moja dogo karibu na shingo yake, mlio wa kitu kukatika, herufi ndogo mno hivi kwamba mara ya kwanza nililipita bila kuliona. Gerry Conway ndiye aliyeandika, Gil Kane akachora. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema kwamba hapo ndipo hadithi za mashujaa zilipokomaa. Lakini pembeni yangu alikuwa amekaa binti ambaye kaka yake alikuwa hajaonekana tangu asubuhi. Nikasema, "Anaye, anaitwa Gwen, ana nywele nzuri," nikaendelea na nyingine.

Ya Superman ilikuwa fupi kuliko zote. Imo kwenye All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely, ukurasa mmoja tu, katikati ya sehemu ya kumi. Msichana amesimama ukingoni mwa ghorofa anataka kujirusha. Superman mwenyewe amebakiza siku chache za kuishi na kazi zimemjaa. Anatokea nyuma yake, anamwambia kwamba daktari ambaye msichana alikuwa akimngojea kweli alicheleweshwa, na kwamba msichana mwenyewe ana nguvu kuliko anavyodhani. Anamkumbatia. Basi. Niliogopa watoto watasema haina vita. Aliyeongea ni mama mmoja aliyeegemea ukuta, mtu wa Mchikichini, aliyekuwa hajatamka neno tangu tuingie. "Dada, rudia hapo. Alimwambiaje?" Nikarudia. Akanyamaza, na sikusikia tena sauti yake hadi asubuhi.

Kwa watoto nikaweka ile ya tisa, ya Roger Stern na Ron Frenz, ya mwaka 1984. Mtoto wa miaka tisa, Tim, ana makasha yamejaa magazeti na picha za Spider-Man. Usiku Spider-Man anaingia dirishani kwake. Wanakaa kitandani, wanaulizana maswali, na mwishoni mtoto anamwomba amwambie yeye ni nani hasa. Naye anavua kinyago. Maadui wake hawajui, mke hana, polisi hawajui, ila mtoto huyu. Darasa zima lilikuwa kimya, nikasikia mvua kwenye bati.

"Kwa nini akamwonyesha?"

Ukurasa wa mwisho ndio unaojibu. Spider-Man anatoka, anaruka ukuta, na kwenye geti tunasoma kwamba pale ni hospitali ya saratani. Mtoto amebakiza wiki chache. Nilikiruka kipande hicho.

"Kwa sababu alimpenda," nikasema.

"Halafu mtoto akawaje?"

"Akalala."

Na wengi wao kweli walikuwa wameanza kulala. Mpwa wangu bado alikuwa macho. Akataka moja tu ya mwisho, na mimi nilikuwa naikwepa tangu mwanzo ile aliyoitaka.

Namba 33, ya Februari 1966. Stan Lee na Steve Ditko. Kwa ukoo wetu, May angekuwa mama mkubwa wake Peter Parker, maana ni mke wa kaka wa baba. Lakini ana mvi, ndiye aliyemlea, kwa hiyo nilimfanya bibi. Bibi yake yuko hospitali, amezidiwa. Dawa ya kumwokoa imepatikana. Dawa iko pale, hatua chache mbele yake, na yeye yuko chini, amebanwa na mtambo mzito kuliko garimoshi, na maji yanaingia kutoka juu. Hafikii. Ananyoosha mkono, hafikii. Anasukuma, anashindwa. Anamkumbuka bibi. Anasukuma tena. Ditko aliichora kwa subira ambayo sijaiona kwa mchoraji mwingine: kwanza picha ndogo ndogo, za mabega, za meno yaliyoumana, kisha zinapanuka kidogo kidogo kadiri chuma kinavyoinuka, mpaka ukurasa mzima ni picha moja, amesimama, mtambo uko juu ya kichwa chake.

Sauti yangu ilikuwa inakatika. Nilikuwa nahadithia habari ya mtu aliyekumbuka dawa, na bibi yangu amelala hatua mbili kutoka nilipo, anapumua kwa shida, na mimi nimekumbatia makaratasi. Nilifika pale mtambo unapoinuka, na tochi ikazima. Chaji ilikuwa imekwisha. Nilimshukuru Mungu kwa lile giza. Mpwa wangu alinilalia pajani akingojea niendelee, akasinzia akingojea.

Asubuhi mvua ilikuwa imepungua. Tulikuwa kwenye foleni ya uji, ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili.

"Shangazi. Ile dawa ilifika?"

"Ilifika. Aliibeba mwenyewe mpaka hospitali, na bibi yake akapona."

Akafikiri. "Aliruka?"

"Sehemu nyingine alitembea tu. Alikuwa amechoka."

Saa nne hivi kaka alitokea getini, suruali imekunjwa hadi magotini, kiatu kimoja tu mguuni. Alikuwa amezunguka usiku mzima kutafuta pa kuvukia. Mkononi alikuwa na mfuko wa rambo uliofungwa mafundo matatu, na ndani yake mfuko mwingine, na ndani ya huo vidonge vya bibi, karatasi yake imekauka kabisa. Bibi alivimeza kwa uji. Kisha akanipapasa kichwa, nikiwa na umri ule wote, mbele za watu.

Januari iliyofuata baadhi ya majirani zetu walihamishiwa Mabwepande. Sisi tulihamia kwa ndugu, Mbagala. Komiki saba zilikauka kwenye kamba, zimevimba mara mbili ya unene wake. Orodha mpya aliiandika mpwa wangu nyuma ya daftari lake la hesabu, nami nikimtajia. Ya 33 ya kwanza, ya mtoto Tim ya pili, ukurasa wa Superman wa tatu. Alipofika ya nne akauliza kama anaweza kumweka mfalme wa Wakanda, nikamwambia aandike.