Gongo la Hoki Kutoka Syokimau Hadi Mtongwe

Kabla ya kupanda treni ya Mombasa pale Syokimau, mizigo yote hulazwa chini kwa mstari mmoja, abiria husogea kando, kisha mbwa wa polisi hupita akinusa. Asubuhi hiyo mstari wetu ulikuwa na mabegi, ndoo za plastiki zilizofungwa kamba, na gongo langu la hoki lililochomoza nje ya mfuko wake. Mbwa alilipita. Askari aliyemshika alisimama, akalinyanyua, akatazama ule ubapa wa mwisho, akaniuliza ni la mchezo gani.

"Hoki ya barafuni, afande."

"Mombasa kuna barafu ya kuchezea?"

"Hakuna. Kuna mtoto anayetaka kucheza."

Akanirudishia gongo kwa mikono miwili.

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu, ana miaka 14, kwao Mtongwe, ng'ambo ya Likoni. Ameshikilia kwamba akimaliza shule atakuwa mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafuni. Angetaka kandanda, mama yake angejua pa kuuliza. Kwa hili alinipigia simu mimi: "Kaka, njoo uzungumze na mwanao. Mimi nikisema, aona namkataza tu." Alikuwa na sababu. Mimi ndiye ninayekwenda kuteleza kwenye uwanja wa barafu wa Hoteli ya Panari, uliofunguliwa mwaka 2005 jijini Nairobi kando ya barabara inayobeba jina la mji wetu, na mimi ndiye niliyemtumia kijana video za Kenya Ice Lions, timu iliyojifunzia kwenye barafu hiyo hiyo.

Gongo nilipewa na rafiki. Begini nilikuwa na viatu vya magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja, nilivyovipata Gikomba kwenye mitumba, vikiwa vizima. Zaidi ya hivyo nilitaka kumpelekea kijana habari za kazi yenyewe jinsi ilivyo, bila kuipamba wala kuipaka matope. Kazi hii ina kweli mbili, na mtu mzima akimpa mtoto moja tu amemdhulumu.

Viti vya daraja la pili hutazamana. Mbele yangu aliketi mzee wa kofia ya vito, mtu wa Makadara, aliyekuwa akirudi nyumbani baada ya kumtembelea binti yake. Alilitazama gongo kimya mpaka tulipoiacha Emali, ndipo akaomba alishike.

"Hili refu," alisema. "La kwetu lilikuwa fupi, limepinda mwisho kama ndoano."

Kumbe ujanani alicheza mpira wa magongo Mombasa, wa uwanja wa nyasi. Akanikumbusha kwamba mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo huko Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne. "Tulitoka wa nne duniani," alisema, ingawa yeye mwenyewe alizisikia habari hizo redioni. Kisha akaanza kunihoji, na maswali yake yalikuwa bora kuliko yale niliyokuwa nimejiandalia.

Aliuliza mchezaji anakimbia muda gani. Nikamweleza kwamba mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20, wachezaji sita kila upande pamoja na kipa, lakini hakuna anayekaa uwanjani hivyo hivyo tu. Mtu huruka ukingo wa benchi, huteleza kwa nguvu zake zote kwa sekunde 45 hivi, hurudi kifua kikitweta, na mwenzake huruka mahali pake huku mchezo unaendelea. Dakika moja baadaye au mbili anaruka tena. Kinachopigwa si mpira wa duara, ni kisahani cha raba ngumu cha gramu 170, kinachogandishwa kabla ya mechi ili kiteleze bila kudundadunda. Mzee alifunga macho akilisikiliza hilo la kisahani. Nadhani alikuwa akikipiga shuti.

Aliuliza mwaka wao unakwendaje. Ligi kubwa, NHL, ya Marekani na Kanada, msimu wa 2024–25 ilikuwa na mechi 82 za kawaida, Oktoba hadi Aprili, mji huu leo na mwingine keshokutwa. Timu zilizofuzu huingia kwenye mtoano, na kulibeba Kombe la Stanley lazima ushinde mechi 16 zaidi. Hapo watu hucheza na mbavu zilizovunjika, maana aliyeketi benchi kwa maumivu huenda asikikute tena kiti chake.

"Na mtu mweusi?" aliuliza. "Yumo?"

Hapo nilijikuta naongea bila kupumua, kwa kuwa habari za Willie O'Ree hunigusa kila ninapozisimulia. Alizaliwa Fredericton, Kanada, mwaka 1935. Akiwa kijana kisahani kilimpiga jicho la kulia likapofuka, naye akaificha siri hiyo ili asizuiwe kucheza. Tarehe 18 Januari 1958 aliingia uwanjani Montreal akiwa na jezi ya Boston Bruins, mweusi wa kwanza katika NHL. Watu wengi hukomea hapo wanapomtaja. Mimi kinachonishika zaidi ni yaliyofuata: katika ligi hiyo kubwa alicheza mechi 45 tu, akafunga mabao manne. Zaidi ya miaka ishirini ya kazi yake ilipita katika ligi za chini, sehemu kubwa California, Los Angeles na San Diego, kwenye jua, mpaka mwaka 1979. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa mchezaji wa kulipwa. Jina kubwa lilikuja baadaye: mwaka 2018 aliingizwa katika nyumba ya heshima ya hoki, na Januari 2022 Boston waliipandisha juu ya uwanja wao jezi yake namba 22, isivaliwe tena na mwingine.

Nikamtajia na Jarome Iginla, mzaliwa wa Edmonton, baba yake Mnigeria. Huyu alifika kileleni kabisa: mabao 625 katika NHL, dhahabu ya Olimpiki mwaka 2002, na nyingine 2010 huko Vancouver ambako ndiye aliyetoa pasi ya bao la ushindi la Sidney Crosby. Hata hivyo Kombe la Stanley hakulishika kamwe. Mwaka 2004 Calgary yake ilifika fainali, ikaenda mpaka mechi ya saba, ikashindwa na Tampa Bay.

"Tampa ni wapi?"

"Florida, mzee wangu. Pwani ya mikoko, joto na unyevu sawasawa na hapa kwetu."

Alinikazia macho. Tulikuwa tumeshaingia Tsavo, tembo wekundu kwa vumbi wamesimama mbali, na hakuna kati yetu aliyewatazama sana. Nikamwambia kwamba Tampa walilichukua kombe tena 2020 na 2021, Las Vegas ya jangwani ikalichukua 2023, na Florida Panthers 2024 na 2025. Auston Matthews, aliyechaguliwa wa kwanza timu za NHL zilipochagua vijana wapya mwaka 2016 na kufunga mabao manne katika mechi yake ya kwanza, alikulia Arizona, na utotoni alijifunzia kwenye kiwanja kidogo cha barafu. Barafu hiyo haishuki kutoka mbinguni. Ndani ya sakafu ya zege hupitishwa mabomba ya maji ya chumvi yaliyopozwa, juu yake hunyunyizwa maji tabaka kwa tabaka, na jengo likafungwa vizuri. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema mtoto wa Pwani hawezi mchezo huu kwa sababu ya joto, nakasirika. Kinachokosekana ni jengo na fedha za umeme. Ni upungufu mkubwa, lakini ni wa kibinadamu, na tuuite hivyo.

Tulipokaribia Miritini mzee aliniandikia namba yake ya simu kwenye tiketi. "Mwambie mpwa wako aje Mombasa Sports Club," alisema. "Ashike gongo la nyasi kwanza. Mikono haijui kama chini kuna barafu."

Nje ya stesheni joto lilinipokea usoni. Matatu ilipitia Changamwe, ikavuka Makupa, ikatushusha mjini, nami nikaenda hadi Likoni kwa miguu na tuktuk. Feri ilijaa kama kawaida ya magharibi, gongo nimelisimamisha wima lisimpige mtu. Kijana alikuwa akinisubiri upande wa pili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa kwenye gongo. Nikampa, akalibeba mpaka Mtongwe.

Kesho yake jioni tulivuka tena hadi bustani ya Mama Ngina. Chini ya ile mibuyu mikubwa vijana huteleza kwa viatu vya kukodi, wakipishana na wauza madafu na mihogo ya kukaanga. Kijana alivaa viatu vya Gikomba, na mara ya kwanza nikamwona kwa macho yangu badala ya simu. Magoti ameyakunja, mgongo chini, kichwa juu. Mpira wa tenisi aliuchukua na gongo bila kuutazama, akapita katikati ya watoto wadogo bila kumgusa mmoja. Kabla ya hapo alikuwa akitumia fimbo aliyoichonga mwenyewe kwa mwarobaini. Mtoto huyu ana kipaji, sina shaka, na ndiyo maana niliyopaswa kumwambia yalikuwa mazito.

Tuliketi ukutani, bahari mbele yetu, meli ya makontena ikiingia Kilindini.

"Mjomba, naweza kufika NHL?"

Nikamwambia kwamba wengi walioko kule waliwekwa barafuni wakiwa na miaka mitatu, minne au mitano, wazazi wakiwaamsha alfajiri, na wakifika umri wake huu wana maelfu ya saa miguuni. Timu ni 32, kila moja ina wachezaji wasiozidi 23 katika kikosi chake, kwa hiyo kazi zote za ligi hiyo ulimwengu mzima hazifiki 750. Kila mwaka vijana 224 hivi huchaguliwa, wengi wana miaka 18, na wengi wao hawataichezea NHL hata mechi moja.

"Kwa umri wako, na bila barafu karibu, njia ya kufika huko siioni," nilimwambia. "Sitakudanganya."

Alikunja midomo, akazungusha gurudumu moja kwa kidole. Nikaendelea, maana hiyo ilikuwa nusu tu ya maneno yangu. Mwaka 2018 Ice Lions walipelekwa Kanada kwa tangazo la Tim Hortons, maduka ya kahawa ya huko. Nyumbani hawakuwa na timu ya kupambana nayo, na kule nyota wa NHL, Crosby na Nathan MacKinnon, waliingia kucheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni. Sasa kuna jezi ya taifa, na taifa litahitaji wachezaji, waamuzi, makocha, na mafundi wanaojua kutunza barafu. Hakuna aliyewahi kuzishika kazi hizo akitokea Mtongwe. Nikamrudia O'Ree, zile mechi 45 na ile miaka ishirini na zaidi.

Alinyamaza. Kisha akauliza, "Mjomba, barafuni mtu husimamaje?"

Nikainuka kumwonyesha: miguu yote miwili inageuzwa kando kwa ghafla, magoti yanashuka, ukingo wa chuma unakwaruza barafu mpaka unga mweupe unaruka. Kwa magurudumu haiwezekani hivyo. Akajaribu bila viatu, kwenye saruji, tena na tena, mpaka adhana ya magharibi.

Usiku, baada ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, dada alitandika mkeka barazani akaniweka kitako. Alitaka kujua fedha. Nikamwambia msimu wa 2024–25 mchezaji wa NHL hakulipwa chini ya dola 775,000, lakini wa ligi za chini hupata sehemu ndogo sana ya hizo, wakisafiri kwa basi usiku kucha. Alitaka kujua miili yao. Nikamwambia habari za meno yanayong'oka, na za kichwa, ambazo ni mbaya zaidi: mtikisiko wa ubongo umewakatisha kazi watu wenye majina makubwa. Alitaka kujua wakimaliza wanafanya nini wakiwa na miaka thelathini na kitu. Nikamwambia inategemea kama walisoma. Binti yake mdogo, tuliyedhani amelala, akauliza kutoka ndani kama wanawake nao hulipwa. Nikamjibu ndiyo, ligi yao ya kulipwa, PWHL, ilianza kucheza Januari 2024, na miji sita ilikuwa na timu.

Dada alifikiri kwa muda mrefu, akikunja na kukunjua pembe ya leso yake.

"Haya," alisema. "Atakuja kwako likizo ya Agosti. Ripoti ya shule nitaiona kwanza. Kofia ya kumlinda kichwa utamnunulia kabla hajakanyaga hiyo barafu, wala si baadaye. Nauli ya kuja nitatoa mimi, ya kurudi wewe."

"Na mpaka Agosti?"

"Si umesema kuna mzee?"

Nikaitoa ile tiketi mfukoni, nikapiga namba. Mzee alipokea haraka, akaniambia kijana afike Jumamosi saa kumi alasiri na viatu vya raba, gongo watamtafutia.