Krispi za muhogo, kusi ya mwisho, na vile nlivyojifunza kuhesabu bamvua

Kila mwaka mwezi wa nane ukiingia napigiwa simu na wasichana wawili watatu walioanza biashara ya krispi, na swali ni lile lile. Dada, mbona krispi zangu zinalegea? Mafuta mapya, muhogo mzuri, asubuhi ukivunja zinalia, ikifika magharibi ukitafuna ni kama watafuna kadibodi. Sasa nimechoka kurudia kwa simu, naandika mara moja, mwenye kupata kitu achukue.

Mi nauza krispi za muhogo hapa Mombasa, bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, pale tunapoita Lighthouse, tangu baada ya ile bustani kukarabatiwa na kufunguliwa tena 2019. Natoka alasiri, narudi saa tatu au saa nne usiku. Wateja wangu ni watu wa kupunga upepo, wanakaa kwenye ukuta ama ndani ya gari, dafu mkono huu krispi mkono huu, wanaangalia meli zikiingia bandari ya Kilindini zinapita karibu mpaka unaona watu walioko juu. Nilianza mwezi wa kumi na mbili, yaani wakati wa kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, na hilo ndilo lililonidanganya. Kaskazi joto, Januari na Februari hata mvua hakuna, watu usiku hawalali nyumbani kwa joto wako huko nje, krispi unakaanga asubuhi unauza usiku ziko vile vile. Nikajiona fundi. Mwezi wa nne mpaka wa tano ikaja mvua ya mwaka, hiyo kila mtu anaijua, nilikuwa nimejipanga, nikapumzika nikauza vitumbua nyumbani. Ikapita. Mi nikasema sasa njia nyeupe.

Kumbe bado. Wageni wakisikia Mombasa wanafikiria jua tu mwaka mzima, hawajui kuna kipupwe, majira yetu ya baridi. Sijasema ni baridi ya kutetemeka, usiku inashuka kwenye nyuzi 21 au 22, watu wa Nairobi wakituona na masweta wanacheka kweli kweli, lakini kwetu hiyo ni baridi na watoto wanakohoa. Kinachosumbua si baridi lakini, ni vile hali haitulii. Jua linatoka, unaanika, saa tatu asubuhi wingu linatoka baharini linamwaga dakika kumi, jua tena, unaanika tena, mara upepo, mara manyunyu. Nyanya anaita mvua ya mchoo. Nguo moja unaianika na kuianua mara nne mpaka unaamua tu uivae mbichi.

Mtoto wa dadangu aliye sekondari alinieleza vile walivyofundishwa, na kwa kweli ilinisaidia kuelewa. Wakati huu sisi tukiwa na kipupwe, kule kusini mwa dunia ni majira ya baridi yenyewe. Huko karibu na visiwa vya Mauritius na Réunion hewa baridi inajikusanya, inakuwa nzito, halafu inasukuma upepo kuja huku kwetu, ndio kusi hiyo. Imepita juu ya bahari safari yote hiyo kwa hivyo inafika ikiwa imelowa. Baridi yao ikianza kuisha, mwezi wa nane mwishoni kuingia wa tisa, kusi nayo inaanza kuchoka, lakini haichoki kwa adabu, leo inapiga kesho imelala kesho kutwa inapiga mara mbili. Kipindi hicho ndicho kilichonitia hasara.

Ilikuwa Jumamosi, shule zimefungwa, nikajua leo watu watajaa. Nikaamka alfajiri, nikakaanga gunia zima la muhogo kutoka soko la Kongowea, nikajaza ndoo mbili kubwa, nikafunika zikiwa bado na joto ili zisipate vumbi (kumbuka hapo, ntarudi). Alasiri nikafika, upepo unapiga kutoka baharini, meza inataka kuruka. Saa kumi na moja mawimbi yanapiga kwenye miamba chini, rasharasha zinapanda juu na upepo unazileta mpaka usoni, ukilamba mdomo unasikia chumvi. Halafu manyunyu. Watu wakakimbilia kwenye magari na kuondoka. Sikuuza hata robo ya ndoo.

Jumapili nikazirudisha kwenye karai nizikaange upya. Usifanye hivyo, nakuomba. Zilikauka ndio, lakini zilikuwa za kahawia na chungu, na mimi kwa tamaa nikazipeleka hivyo hivyo. Mzee mmoja mteja wangu wa kila siku alichukua moja akatafuna, akaniangalia, akarudisha pakiti taratibu akaniambia, "Binti yangu, hizi ni krispi au umekata kiatu?" Hakudai hata pesa zake, akaenda. Niliona haya wallahi. Zilizobaki wakala kuku wa jirani, na hata wao si wote.

Sasa nna ami yangu, mdogo wake baba, ni mvuvi upande wa Likoni. Wakati wa kusi kali nje ya mwamba hakuendeki na ngalawa, kwa hivyo anakuwa yuko tu anashona nyavu. Nikamwendea, kusema kweli nilienda kulalamika tu si kutaka ushauri. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Siku hiyo mwezi ulikuwa mngapi?"

Nikamwambia tarehe ishirini na kitu.

"Sikuulizi mwezi wa mshahara mwanangu, nakuuliza mwezi wa juu."

Sikujua. Akafanya hesabu kwa vidole, akasema mwezi ulikuwa kumi na sita, bamvua lenyewe hilo, na wewe ukaenda kuweka meza ukingoni. Kisha akanieleza kitu ambacho nimezaliwa Mombasa nimekulia Mombasa na sikuwahi kukiweka akilini. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu maji yanakuwa bamvua, yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti ya juu na chini hupita mita tatu. Na hapa kwetu siku za bamvua maji yanajaa saa zile zile takriban, saa kumi mpaka saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Jioni saa kumi na moja ndio saa yangu ya biashara! Yaani bahari imejaa, kusi inaisukuma kwenye miamba, na mi niko hapo juu na ndoo iko wazi nauza krispi. Halafu mwezi ukiwa nusu, saba nane hivi au ishirini na mbili ishirini na tatu, ni maji mafu, yanajaa saa nne saa tano asubuhi na usiku, kwa hivyo jioni bahari iko chini, mawimbi yanavunjika mbali, rasharasha hazikufikii hata upepo ukiwa ule ule.

Nikarudi nyumbani nikijiona mjinga lakini pia nimefurahi. Na tena hesabu yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba siku zote. Nyanya hufunga zile siku nyeupe, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano za kila mwezi wa kiislamu. Kwa hivyo kwangu ni rahisi, nyanya akishamaliza kufunga tu najua siku moja mbili zinazofuata ndio bamvua lenye nguvu. La mwezi mwandamo ndilo linalonipita wakati mwingine maana hilo halina wa kunikumbusha.

Kuanzia hapo nikabadilisha mambo. La kwanza mahali. Siku za bamvua wakati wa kusi siendi ukingoni kabisa, naweka meza nyuma ya mbuyu mmoja mnene ambao unakata upepo. Wauzaji wenzangu walinicheka, wanasema huko nyuma nani atakuona, na ni kweli mauzo yanapungua kidogo, lakini ninachouza kinalia mdomoni na mtu anarudi kesho. Maji mafu narudi mbele na wao.

La pili ni kule kufunika zikiwa na joto nilikosema ntarudi. Hili nadhani ndio kosa la wengi na halina uhusiano hata na bahari, ila kipupwe kinalizidisha. Krispi ikitoka kwenye mafuta inatoa mvuke, ukiifunika ule mvuke unapanda kwenye kifuniko unageuka maji unarudi chini, yaani umezinyeshea mvua wewe mwenyewe ndani ya ndoo. Sasa nazitandaza kwenye sinia pana chini ya feni, ndani, mpaka nikishika ziwe baridi kabisa, ndio natia ndooni. Na vile vipande vya muhogo kabla ya kukaanga, nikishaviosha kutoa wanga, sivianiki tena nje kipindi hiki, navitandaza kwenye kanga safi chini ya feni hiyo hiyo. Stima ikipotea hapo ndio mtihani, lakini tutafanyaje.

Chumvi pia. Zamani nilikuwa natia chumvi zikiwa moto zishike vizuri, siku za jua hiyo ni sawa, lakini hewa ikiwa na unyevu chumvi inavuta maji, angalia tu chupa ya chumvi nyumbani mwezi wa saba vile inavyogandamana. Sasa chumvi, pilipili ya unga na ndimu vyote natia pale pale mteja akiniambia. Ndimu usiiguse kabla, hilo hata sihitaji kueleza.

Ndoo kubwa niliziacha. Nna ndoo ndogo nne zenye vifuniko vya kubana, nafungua moja mpaka iishe ndio nafungua nyingine, maana ukiwa na ndoo kubwa kila mteja akija unafungua na ile ya chini yote inapigwa upepo. Na kila ndoo chini naweka kitambaa nimefunga ndani yake mchele niliokaanga mkavu bila mafuta, konzi mbili hivi, unanyonya unyevu. Hiyo nilionyeshwa na mama mmoja muuza kashata. Mchele unabadilisha kila siku mbili tatu, ama unaukaanga tena, usije ukaupika ukala, una harufu ya krispi.

Karatasi ndio sijapata dawa yake kamili. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 mi natumia karatasi za kaki, na sina ubaya nayo, ufuo ni msafi kuliko zamani, lakini kaki inapitisha hewa, krispi ndani ya kaki wakati wa kusi naona nusu saa ni nyingi. Kwa hivyo sifungi pakiti mapema nikazipanga mezani zikapendeza, nafunga mtu akifika. Anayesema anapeleka nyumbani Kisauni namwambia wazi, dada hizi kula njiani.

Mvua yenyewe naisoma kwa macho. Idara ya Hali ya Hewa wakitoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa nawasikiliza na siku hiyo naweza hata nisitoke, lakini kile kimvua cha dakika kumi hakuna simu itakayokwambia. Ukikaa pale Lighthouse ukiangalia ng'ambo, upande wa ufuo wa Shelly, ukiona minazi ya kule imefifia kama imepakwa maziwa basi hiyo ni mvua iko njiani, mi huwa nahesabu dakika kumi, funika ndoo, kunja karatasi, vuta turubai. Ikipita usikimbie nyumbani. Watu wanarudi, na wakirudi wana njaa.

Na napika kidogo kidogo. Mwezi wa nane sigusi gunia zima, nanunua muhogo wa siku mbili basi, maana hata muhogo wenyewe ukishang'olewa ukikaa siku tatu unaanza mistari myeusi ndani. Faida ya kununua jumla naikosa, ndio, lakini mwaka ule wa kwanza nililisha kuku faida ya wiki mbili.

Mwaka huu nimeharibikiwa mara moja tu, stima ilipotea feni ikasimama, nikawa na haraka, nikafunika. Nusu ndoo. Tumezila nyumbani na chai, ami akaja akala pia akasema si mbaya, lakini ami hana meno mengi.

Kusi imeshaanza kulegea sasa, juzi alasiri ilisimama kabisa, majani hayatikisiki, nyanya akasema hii ni tanga mbili inakuja, kile kipindi cha kati kusi ikiisha na kaskazi haijaanza, chombo kwenda na kurudi ni sawa. Ami amepaka ngalawa yake sifa, yale mafuta ya papa. Ila mwezi wa tisa mwishoni bamvua ndio huwa kubwa zaidi kwa hivyo sijakunja turubai bado. Leo mwezi ni ishirini na moja. Kesho meza iko mbele kabisa, kwenye ukuta.